Mkono Pembeni mwa Picha

Kibosho,
11 Februari 2024

Bibi Odilia,

Shikamoo. Hunifahamu. Naitwa Aikande Mlay, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huku Kibosho. Nakuandikia barua kwa sababu simu haturuhusiwi, na kwa sababu Dada Priska, karani wa chuo cha waganga ulichokiongoza zamani pale Moshi mjini, alisema hupokei simu kutoka namba usizozijua. Matroni wetu husoma barua kabla hazijaondoka, kwa hiyo nitajitahidi kuandika vizuri.

Mwezi uliopita klabu yetu ya sayansi ilitembelea chuo hicho. Kwenye korido ya madarasa tuliona picha za madaktari na wakufunzi waliofundisha pale, kuanzia wamisionari wenye ndevu hadi wa siku hizi wenye tai. Wenzangu walikuwa wakicheka ndevu. Mimi nilikuwa namtafuta babu yangu, Mwalimu Anaeli Mlay. Tangu nikiwa mdogo, nyumbani Marangu nimesikia kwamba picha yake iko pale, amevaa koti jeupe na ameinua sindano, na kwamba wageni wakipita husimama kuitazama. Nilipofika mahali pake nilikuta msumari, na chini ya msumari rangi ya ukuta imebaki safi kwa umbo la fremu.

Nilimwuliza Dada Priska. Akasema, "Hiyo aliitoa mama mkuu wa chuo mwenyewe siku aliyostaafu. Aliifunga kwenye kanga, akaipakata kama mtoto, akapanda gari."

Mwezi wa Agosti chuo kinafungua ukumbi mpya, na picha zote zitahamia huko. Bwana Given, anayesimamia kazi hiyo, amesema picha ya babu ikirudi kabla ya ufunguzi itatundikwa na wenzake. Babu ana miaka themanini na nane, moyo wake umechoka, na miguu inavimba. Watu wa Marangu bado wanamwita Daktari, ingawa yeye husema alikuwa mganga msaidizi tu. Mimi nasoma sayansi kwa sababu yake. Nataka aione picha yake ukutani kabla hajatuacha. Sina ombi lingine.

Mjukuu wako,
Aikande Mlay


Karagwe,
3 Machi 2024

Aikande,

Marahaba. Umeandika vizuri, na mwalimu wako wa Kiswahili apewe heshima yake.

Priska amekwambia kweli. Picha ninayo. Iko salama, haina vumbi wala unyevu. Sitairudisha.

Usiniulize mimi sababu. Muulize babu yako. Mwambie anayekutuma ni dada wa Mektrida. Kisha rudi kwenye masomo yako, maana kidato cha tatu si mahali pa kuchezea.

Odilia


Marangu,
5 Aprili 2024

Bibi Odilia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani, tumefunga shule kwa ajili ya Pasaka. Mvua hainyamazi, na barabara ya kupanda kwetu ni tope tupu, kwa hiyo tunashinda jikoni, babu akiwa karibu na moto na mkewe, Bibi Yuditha, akikoroga mtori wa ndizi.

Nilimpa ujumbe wako kama ulivyouandika. Nilipotaja jina la Mektrida, babu aliomba maji ya moto. Akanywa. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akasema, "Wivu. Pale chuoni kulikuwa na wivu mwingi."

Bibi Yuditha, ambaye humwita Meku, yaani mzee, akamwambia, "Meku, wivu wa nini? Ulikuwa na baiskeli moja na koti moja."

"Koti lile lilikuwa linapigwa pasi," babu akajibu, na sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Aligeukia ukuta akasema ana usingizi.

Bibi, mimi ni mtoto na huenda nakosea kukuandikia hivi. Lakini wiki hii tu mama mmoja amepanda kutoka bondeni akiwa amembeba mtoto mwenye homa, kwa sababu yeye mwenyewe alitibiwa na babu akiwa mdogo. Babu alimgusa mtoto shingoni, akamwambia, "Mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho," akampa ndizi za njiani. Mtu wa namna hiyo sioni alichokosa. Kama wakati ule kulikuwa na wivu kati ya wakufunzi, nadhani sasa umri umepita na unaweza kuachwa. Tafadhali irudishe picha.

Kwa heshima,
Aikande


Karagwe,
28 Aprili 2024

Aikande,

Nilikusudia kunyamaza. Lakini umeniandikia neno wivu, na neno hilo siwezi kulala nalo nyumba moja.

Mektrida alikuwa mdogo wangu, tumefuatana. Mimi nilikuwa muuguzi hapo Moshi, nikamleta kutoka Karagwe asomee uganga. Alikuwa mwaka wa pili. Alikuwa anacheka kwa sauti mpaka watu wa kwenu wakasema sisi Wanyambo hatuna adabu. Babu yako alikuwa mkufunzi mzuri, sitamnyima hilo. Alifundisha kwa upole. Mektrida alimwamini kuliko alivyoniamini mimi niliyemlea.

Mwaka 1981 chuo kilileta mpiga picha aje kuwapiga wakufunzi wakiwa kazini. Babu yako alikuwa wodi ya watoto na darasa lake. Mpiga picha akalalamika kwamba sindano haionekani, dawa ni kidogo. Babu yako akajaza bomba zima la sindano klorokwini, dawa ya malaria, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akasimama kama ulivyosikia kwamba amesimama. Mektrida alikuwa pembeni yake ameshika sinia la vifaa. Kwa yule mtoto aliyelala pale ilitakiwa dawa ya kufika alama ya chini kabisa ya bomba. Picha ikapigwa. Wageni wakamwita babu yako nje kwa picha ya pili. Akampa Mektrida bomba lile lile, akamwambia, "Mchome mtoto, nakuja sasa hivi."

Utasema angetazama kipimo. Na mimi nimelisema hilo miaka mingi nikiwa peke yangu. Lakini hapakuwa na mwanafunzi pale aliyekagua kitu kilichotoka mkononi mwa Mwalimu Anaeli. Mtoto alikufa kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye kikao cha uchunguzi babu yako alisema mwanafunzi alivuta dawa mwenyewe. Hakuongeza kitu. Wakamfukuza Mektrida, nikamrudisha nyumbani kwa treni na meli. Njia nzima aliniambia, "Dada, lilikuwa limeshajazwa." Alimwambia baba, alimwambia padri, alimwambia kila aliyekuja kumsalimia, mpaka watu wakachoka. Halafu akaacha kusema. Mwaka uliofuata, wakati wa kunyunyizia mibuni, alikunywa dawa ya kahawa. Mama ndiye aliyemkuta.

Picha ikakuzwa na kutundikwa. Fundi alikata upande mmoja ili mwalimu akae katikati. Mektrida akaondoka, ila mkono wake wa kulia na sinia vilibaki kwenye pembe ya chini. Nimepita chini ya picha ile nikiwa muuguzi, nikiwa mkufunzi, nikiwa mkuu wa chuo. Wageni waliisifu. Wanafunzi wangu walitamani kusimama vile. Kila asubuhi nililiona lile bomba, na limejaa.

Utauliza kwa nini sikuiondoa siku ya kwanza nilipokuwa na uwezo. Nilishindwa kwa sababu ya mkono. Baba alichoma picha zote za Mektrida akiwa na sare, alisema zinamwita shetani. Kwetu hakuna nyingine. Mkono ule ndio tulio nao.

Sasa unajua unachoniomba.

Odilia


Marangu,
9 Juni 2024

Bibi Odilia,

Shikamoo.

Matroni alinipa barua yako ikiwa imefunguliwa kama kawaida, lakini safari hii alikaa pembeni ya kitanda changu mpaka nilipomaliza kuisoma. Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu. Alisema, "Usimjibu leo." Nilikaa nayo hadi tulipofunga shule. Nilifanya mtihani wa biolojia nikakuta swali la kupima dawa kwa uzito wa mgonjwa, nikaliacha tupu.

Nilipofika nyumbani sikutaka kumsomea babu. Macho yake hayasomi tena, ningeweza kumwambia hukujibu. Lakini aliniona nimekaa kwa upole kupita kiasi, akasema, "Yule dada ameandika. Soma."

Nilisoma yote. Bibi Yuditha alikuwa anamenya ndizi, akaacha kisu kwenye beseni. Nilipofika kwenye maneno ya mdogo wako, "lilikuwa limeshajazwa," babu aliinua mkono kama mtu anayezuia mwanga. Sikuacha kusoma kwa sababu nilijua nikiacha sitaweza kuendelea.

Siku ile na iliyofuata alishinda karibu na moto. Bibi alimwambia, "Meku, mimi nimeolewa na wewe, si na koti. Sema." Juzi asubuhi akamtuma baba mdogo Godwin akate jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba. Godwin akauliza, "La kumpelekea nani?" Babu akanyoosha mkono tu kuelekea mpakani. Alilifunga fundo mwenyewe. Vidole vyake vinatetemeka, ilichukua muda mrefu, na hakutaka asaidiwe.

Bibi Odilia, ulikaa Moshi sehemu kubwa ya maisha yako, kwa hiyo isale unalijua. Hapa kwetu mtu hampelekei isale mtu ambaye hakumkosea, na anayelipokea hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu. Nilipoliona mkononi mwake sikuwa na kitu cha kumwuliza tena. Nililala na Bibi Yuditha usiku huo.

Jani ni hili. Lilikuwa refu kuliko bahasha, nimelikunja mara tatu.

Kuhusu picha, bado naiomba, ingawa siombi kwa sauti ile ya mwanzo. Nilifikiri inaweza kutundikwa na majina mawili chini yake, la mwalimu na la mwanafunzi wake. Nilimwuliza babu kama jina la Mektrida liandikwe baada ya lake. Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema kuhusu barua yako. Alisema, "Lake lianze."

Aikande


Karagwe,
30 Juni 2024

Aikande,

Barua yako imefika. Bahasha ilikuwa imepasuka upande mmoja. Ndani mlikuwa na karatasi zako mbili. Jani sikuliona.

Hata hivyo mimi si mtu wa kwenu. Mambo ya majani nimeyasikia nikiwa huko, nimewaona watu wakipeana, lakini hayanifungi. Na kama babu yako alilituma kwa moyo wake, halitamshinda kulituma tena.

Kuhusu majina, la Mektrida lianze au lifuate, yeye hayupo kulisoma. Picha inabaki hapa.

Usome. Swali la kupima dawa usiliache tupu tena.

Odilia


Kibosho,
4 Agosti 2024

Bibi Odilia,

Babu amefariki. Tulimzika kihambani tarehe 27 Julai.

Naandika hivi kwa mpangilio kwa sababu mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu akishindwa kuandika aanze na kilichotangulia.

Barua yako niliipata tulipofungua shule. Nikaandika nyumbani kwamba jani halikufika na kwamba umesema kama alilituma kwa moyo atalituma tena. Niliandika maneno yako yale yale. Nilidhani nafanya vizuri kutobadilisha. Bibi Yuditha akamsomea. Anasema babu alisikiliza, kisha akasema, "Lile nilimtuma mtu. Ndiyo maana halikufika. La kuomba huwa unakata mwenyewe."

Bibi akamwambia, "Utakata na miguu ipi?" Akamwambia ukungu ukipanda atamshika mkono waende wote. Babu akakubali, akamwomba chai. Bibi alipokwenda kuchochea moto yeye akashika fimbo yake akatoka. Masale yetu yako chini kabisa kwenye mpaka, karibu na mfereji, na Julai hapo hapakauki. Godwin ndiye aliyemwona. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi za ng'ombe, moyo umesimama, na jani alikuwa nalo mkononi. Alikuwa ameshalikata. Fundo alikuwa bado hajalifunga.

Niliruhusiwa kwenda mazishi. Wazee walijadiliana picha ya kutangulia mbele ya jeneza, maana watu wote waliijua ile ya chuoni na waliitaka hiyo. Mwinjilisti aliuliza, "Ile ya sindano iko wapi?" Ikabidi wakuze picha ya kitambulisho cha taifa. Ameshtuka, kola imepinda, anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Niliibeba mimi, kwa sababu mimi ndiye mjukuu aliyempenda. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza. Nilikuwa nafikiri kwamba jani lingefika asingetoka nje, na kwamba ni mimi niliyelikunja, na ni mimi niliyeandika nyumbani.

Nilimwomba Bibi Yuditha hilo jani la pili nikuletee. Alikataa. Alisema, "Marehemu haombi tena. Hili ni lake." Akamwekea mkononi kabla hawajafunga jeneza.

Kwa hiyo hakuna jani litakalokuja, Bibi. Nimeona nikwambie usilingoje.

Ukumbi unafunguliwa tarehe 24.

Aikande


Karagwe,
18 Agosti 2024

Aikande,

Pole wewe, na pole nyingi kwa bibi yako.

Kifurushi hiki nakituma kwa basi, kitapokelewa na Priska, yeye ataleta shuleni kwenu au nyumbani. Ni chako, si cha chuo. Chuo wakikitaka wakuombe wewe.

Nimechukua kilicho chetu. Kilichobaki ni chenu. Sikuongeza kitu ndani ila ulichonitumia.

Mimi pia ni mzee. Nilidhani kuna muda.

Odilia


Marangu,
8 Septemba 2024

Bibi Odilia,

Shikamoo. Dada Priska alileta kifurushi nyumbani siku mbili kabla ya ufunguzi. Matroni aliniombea ruhusa. Tulikifungulia jikoni, Bibi Yuditha, baba mdogo Godwin na mimi.

Sikuwa nimewahi kumwona babu akiwa bado na nguvu zake. Amependeza sana. Koti limepigwa pasi kweli, na uso wake ni ule ule wa kuangalia mtoto mwenye homa. Nililitazama bomba. Limejaa hadi juu, mtu yeyote anayejua kusoma alama anaona. Watu wote wale waliosimama kuitazama, wote wamesomea mambo hayo.

Halafu nikaona pembe ya chini. Umekata kwa wembe, mkato umenyooka, mkono na sinia vimetoka. Na kwenye nafasi hiyo, nyuma ya kioo, kuna jani la isale. Limekauka likawa rangi ya kahawia. Limekunjuliwa likanyooshwa, lakini alama za kukunjwa mara tatu bado zipo, na fundo ni lile la vidole vinavyotetemeka.

Godwin aliinuka akatoka nje. Alisema maneno kuhusu wewe ambayo sitayaandika. Bibi Yuditha alifuta kioo kwa kanga yake, pole pole, hasa pale kwenye jani. Nilimwuliza, "Bibi, isale likirudishwa maana yake nini?" Akafikiri. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuona isale likirudi, na wala hajamsikia mtu aliyeliona. Hajui.

Na mimi sijui. Nimelitazama kila siku nilipokuwa nyumbani. Siku nyingine naona umekataa. Siku nyingine naona hukuwa na mahali pengine pa kuliweka ila pale alipokuwa yeye. Sitakuuliza. Nilikuwa na hasira na wewe, bado ninayo, na nimejaribu kuiweka kwenye sala lakini inarudi. Kisha nakumbuka kwamba wewe ulipita chini ya lile bomba kila asubuhi.

Tuliipeleka picha kwa Bwana Given, Bibi Yuditha na mimi, kesho yake. Msumari alikuwa ameshaupigilia kati ya wenzake wa miaka ile. Alifurahi sana mpaka alipoona tundu. Akasema, "Hilo dogo. Kompyuta itajaza. Kuna kijana hapo mjini, anakumalizia koti, anakuwekea na ukuta nyuma, hutajua kama palikuwa na kitu." Akaifungua fremu nyuma, akatia mkono kutoa jani. Bibi Yuditha akaushika mkono wake.

Nikamwuliza kuhusu majina mawili. Nikamweleza Mektrida ni nani, kwa ufupi, kama ulivyonieleza. Bwana Given si mtu mbaya. Alivua miwani. Akasema, "Binti, huu ni ukuta wa madaktari na wakufunzi. Mwanafunzi hawezi kuwekwa, tena aliyefukuzwa. Na habari hiyo mkinipa kwa maandishi, nitalazimika kuishusha hata ya babu yako. Mnataka nini hasa?"

Bibi Yuditha akanitazama mimi. Nilikuwa nimetaka kitu kimoja tangu Februari. Ningeitikia tu, kesho yake babu angekuwa juu, msafi, na watu wangesimama kumtazama. Nikasema hapana. Nikasema ijazwe na kompyuta sitaki, na jani lisitolewe, na kama haiwezi kuwekwa hivyo ilivyo, basi. Sauti yangu haikuwa nzuri. Tukaifunga tena kwenye kanga tukaondoka nayo.

Ndugu wengi hawasemi na mimi. Wanasema nimemwondoa Daktari ukutani kwa mara ya pili. Shangazi amesema elimu ya bweni imenigeuza. Picha iko chumbani kwa Bibi Yuditha. Yeye hulala ameiangalia, na mchana huigeuza kuelekea dirishani, anasema wote wawili wapate mwanga. Nilipomwambia kwamba mmoja hayupo, alisema anajua.

Sijui kama bado nataka kuwa daktari. Lile swali la kupima dawa nimelifanya tena, nikampelekea mwalimu, akaniambia ni sahihi. Nililipima tena hata baada ya hapo.

Bwana Given alitufuata hadi getini. Alisema ufunguzi utapita na nafasi itabaki wazi, na kwamba atakayemfuata kwenye kazi hiyo huenda akawa mtu wa kusikia zaidi kuliko yeye. Nilimwomba asiung'oe msumari. Amekubali.

Kwa hiyo msumari upo pale, Bibi, katika mstari wa pili, kati ya mtu mwenye ndevu na mtu mwenye tai. Mkono unao wewe. Kilichobaki ninacho mimi. Ukijisikia kusafiri nao, nami nitashuka Moshi siku hiyo hiyo, na jina la Mektrida nitaliandika mimi mwenyewe, lianze.

Mjukuu wako,
Aikande